Mpiga Saksafoni na Mwalimu wa Muziki: Habari za Kariakoo, Dar es Salaam



Leo nataka tuzungumze habari za kazi moja ambayo watu wengi wameiona kwa macho na kuisikia kwa masikio, lakini ni wachache waliouliza hufunzwa wapi. Ni kazi ya mtu yule asimamaye nyuma ya waimbaji, amevaa ukanda shingoni, na katika ukanda limening'inia dude la shaba lililopindika kama kiko cha tumbaku. Waimbaji wakinyamaza, yeye huvuta pumzi, akapuliza, na ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Chombo hicho ni saksafoni. Wengine hukiita mdomo wa bata, kwa ajili ya umbo la mdomo wake.

Watu wakimsikia mpigaji hodari husema, "Yule amezaliwa nayo." Maneno hayo ni ya sifa, lakini si ya kweli, tena yana hasara ndani yake. Hakuna mtoto aliyezaliwa na saksafoni mkononi. Kila mpigaji alifundishwa na mtu, au na watu, au na dhiki. Nasi tukisema amezaliwa nayo, tunamsahau mwalimu wake. Na tukimsahau mwalimu, hatutauliza ni nani atakayefundisha wengine huyu atakapokwisha. Basi na tufuate njia ya elimu hii katika mji wa Dar es Salaam, hasa upande wa Kariakoo, tuone ilipita wapi na ilikwama wapi.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Saksafoni haikuanza Afrika, wala si chombo cha kale sana. Aliyeibuni ni fundi wa Ubelgiji aitwaye Adolphe Sax, aliyezaliwa mwaka 1814 katika mji wa Dinant. Alihamia Paris, na mwaka 1846 akapata hati ya serikali ya Ufaransa ya kulinda ubunifu wake. Nia yake ilikuwa kupata chombo chenye nguvu ya tarumbeta na wepesi wa vidole wa klarineti, ili kifae katika bendi za jeshi zinazopiga uwanjani. Kwa hiyo mwili wake ni wa shaba, lakini sauti yake haizaliwi na midomo ya mpigaji kama ilivyo katika tarumbeta. Huzaliwa na kipande chembamba cha utete, ambacho wapigaji hukiita ridi, kifungwacho kwenye mdomo wa chombo. Pumzi ikipita, utete hutetemeka, na mtetemeko ule ndio sauti. Nanyi mnaojua zumari mtaona kwamba jambo hili si geni pwani, maana zumari nayo huliaa kwa tete.

Likumbukeni neno moja katika hayo: bendi za jeshi. Maana elimu ya vyombo vya kupuliza ilipoingia nchi yetu, iliingia kwa mlango huo.

Wadachi walipotawala walikuwa na bendi ya askari Waafrika waliopiga matarumbeta na ngoma kubwa. Nao Waingereza, katika jeshi la King's African Rifles lililoanzishwa mwaka 1902, walikuwa na bendi zao. Watu wa mji waliyatazama mambo hayo, wakayachukua, wakayafanya yao. Kutoka pwani ya Kenya, katika miaka ya 1890, ulianza mchezo wa beni, ambao jina lake latoka katika neno "bendi". Wachezaji walipiga ngoma na vyombo vya kupuliza, wakatembea kwa safu kama askari, wakapeana vyeo vya ukubwa. Dar es Salaam palikuwa na vyama viwili vilivyoshindana sana, Marini na Arinoti. Mwanachuoni Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya habari za beni, kikatoka mwaka 1975. Alionyesha jinsi vyama hivyo vilivyokuwa zaidi ya mchezo: vilikuwa mahali pa kusaidiana, kuzikana, na kujipatia heshima katika mji wa wageni.

Na Kariakoo yenyewe ni mtoto wa vita. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, yaani Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Baadaye pakawa mtaa wa Waafrika na soko lao, na kati yake na mitaa ya maduka ya Wahindi na majumba ya Wazungu pakaachwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Hivyo, watu wa makabila mengi walijikuta pamoja katika nyumba za vyumba sita, Mmanyema karibu na Mzaramo, Mnyamwezi karibu na Mngindo. Mahali kama hapo muziki hauwezi kukaa kimya.

Basi shule ya kwanza ya mpulizaji ilikuwa kambi. Tujiulize, mtu alijifunza nini kambini? Alijifunza mambo matatu. La kwanza, pumzi: kupuliza sauti moja ndefu, iliyonyoka, isiyotikisika, kila asubuhi, hata kama haimfurahishi mtu. La pili, adabu ya wakati: kuanza pamoja na kunyamaza pamoja. La tatu, kusoma nota, yaani alama za muziki zilizoandikwa karatasini. Bendi ya jeshi au ya polisi haiwezi kumngoja kila mtu aushike wimbo kwa sikio. Mwongozaji huweka karatasi mbele ya wapigaji, nao hupiga. Kasoro ya shule hii ilikuwa kwamba mwanafunzi alipiga muziki wa mabwana zake kwa shabaha ya mabwana zake. Alijua kusoma, lakini hakuambiwa atunge.

Shule ya pili ilikuwa klabu. Katika miaka ya 1930 vijana wa mjini, wengi wao waliosoma na kuajiriwa, walianza kuiacha beni na kushika dansi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz, ambayo mwanzo wake huhesabiwa kuwa mwaka 1932, ni miongoni mwa bendi za kwanza kabisa za namna hiyo katika nchi. Neno "Jazz" lisiwapoteze; halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi hasa, bali lilikuwa alama ya usasa. Muziki uliowavuta zaidi ulikuwa ule wa Kuba. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa mfululizo wa sahani za santuri zilizotiwa alama ya GV, zenye nyimbo za Kuba, nazo zikafika hata Afrika Mashariki. Watu wakazisikiliza, wakaona mapigo yale yana undugu na ngoma zao, wakayafuata.

Kisha ikaja vita ya pili. Askari wetu walipelekwa mpaka Burma, na jeshini palikuwa na kikundi cha burudani kilichoitwa Rhino Band, ambacho baada ya vita kilipiga Mombasa. Waliorudi walirudi na masikio mapya, na baadhi yao na ujuzi wa vyombo. Miaka iliyofuata bendi zikaota kama uyoga baada ya mvua. Salum Abdallah alianzisha Cuban Marimba kule Morogoro mwaka 1948. Dar es Salaam wakatokea Kilwa Jazz mwaka 1958, na Western Jazz mwaka 1959, kila moja ikivuta watu wa upande ilikotoka. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1950 ulifunguliwa Ukumbi wa Arnautoglu karibu na Mnazi Mmoja, na watu wa Kariakoo wakapata mahali pa kucheza, kukutana na kusoma.

Klabuni mtu hakujifunza kwa karatasi. Wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, na jioni walikutana mazoezini. Mwalimu alikuwa sahani ya santuri na rafiki aliyetangulia. Sahani ilipigwa, ikarudishwa, ikapigwa tena, mpaka kijana akaikamata sauti moja, kisha ya pili. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nao wapigaji hawa ulimwengu uliwafunza kweli. Sikio likawa kali kuliko la mtu wa karatasi. Wakajua kumjibu mwimbaji na kulisindikiza gitaa, tena wakajua kutunga wimbo papo hapo. Lakini shule hii nayo ilikuwa na kasoro yake. Mpigaji alijua, ila hakujua namna ya kusema anachokijua.

Hapa nataka niwaeleze jambo moja la ufundi, maana ndani yake ndimo mwalimu anamozaliwa. Mpiga gitaa akimwambia mpiga saksafoni, "Tupige katika C," na mpiga saksafoni akabonyeza vidole vya C, patatokea vurugu. Kwa nini? Kwa sababu saksafoni zilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na kila moja huita sauti zake kwa njia yake. Katika saksafoni ya alto, vidole vya C hutoa sauti ambayo kinanda huiita E ya kushushwa. Katika saksafoni ya tena, ambayo ni kubwa zaidi, vidole hivyo hutoa B ya kushushwa. Kwa hiyo gitaa likiwa katika C, mtu wa alto lazima apige katika A, na mtu wa tena apige katika D. Na gitaa likiwa katika G, ambayo wapiga magitaa huipenda, mtu wa alto huenda E, yenye alama nne za kupandisha sauti, na mtu wa tena huenda A, yenye alama tatu. Hizo si njia nyepesi kwa vidole vya mwanafunzi.

Mpigaji wa sikio hufika huko kwa kupapasa. Usiku mwingi hupita, akikosea na kuchekwa, mpaka vidole vyake vikazoea. Ukimwuliza, "Umefanyaje?" atajibu, "Sikiliza, fanya hivi." Jibu hilo lamtosha kijana mwenye sikio jepesi. Lakini kijana wa sikio zito, mwenye bidii na moyo, atakata tamaa aende zake, akidhani Mungu hakumpa. Mwalimu wa kweli ni yule awezaye kukaa chini na kijana wa pili. Humwambia, "Usiogope. Wewe uliimba shuleni do, re, mi. Do si mahali pamoja; do huhama. Leo do ya gitaa iko pale, na do yako iko hapa. Tutafute nyumba ya do kwanza, kisha jamaa zake wote tutawapata." Wengi wetu twaijua elimu hiyo ya do, re, mi, iliyoenezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, ikaletwa huku na wamisioni kwa ajili ya nyimbo za kanisani. Kumbe ufunguo wa saksafoni ya dansi umelala katika daftari la shule ya misioni! Apatanishaye mambo hayo mawili, sikio la klabu na daftari la shule, amekwisha kuwa mwalimu.

Turudi katika historia. Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 mambo ya bendi yaligeuka. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ambayo kwa kubadilika majina ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mwaka 1971 ikaja Vijana Jazz, bendi ya vijana wa TANU. Mwaka 1978 ikaanza Mlimani Park, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, lenye ukumbi wake Kariakoo. Jeshi, polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao.

Desturi hii ilileta kheri kubwa. Mpigaji sasa alikuwa mtu wa kazi, mwenye mshahara wa mwezi. Hakuhitaji kununua saksafoni, ambayo bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida, shirika lilinunua. Mazoezi yakawa ya mchana, ya kila siku, na bendi ikawa na watu wengi wa kupuliza: matarumbeta na saksafoni wakijibizana. Hapo kijana aliweza kuketi karibu na mkubwa wake mwaka mzima, akimwangalia. Bendi ikawa chuo.

Mfano mmoja mwema ni Michael Enoch, ambaye wapenzi wa muziki walimwita King. Aliingia Dar es Salaam Jazz mwaka 1960 akiwa mpiga gitaa, na baadaye, alipokuwa kiongozi katika Mlimani Park, watu walimjua pia kwa saksafoni. Litazameni jambo hilo. Mtu aliyekwisha kupata jina kwa chombo kimoja alikubali kuwa mwanafunzi tena kwa chombo kingine. Aliyejua gitaa na saksafoni pamoja aliweza kuona wimbo kutoka pande zote mbili, na kumpa kila mpigaji sehemu yake. Ndiyo sababu wengi waliopita mikononi mwake walimhesabu kuwa mwalimu. Na katika Vijana Jazz alijulikana Rashid Pembe kwa saksafoni yake, hata mashabiki wakamwita Profesa. Watu hawampi mtu jina la namna hiyo kwa kelele tu. Katika jina hilo mna heshima wanayoitoa kwa elimu.

Lakini kheri ile ilikuwa na mlango wa nyuma. Saksafoni ilikuwa mali ya shirika. Mpigaji akihama bendi, na kuhama kulikuwa desturi, aliiacha ghalani, akatoka na vidole vitupu. Tena nyimbo hazikuandikwa. Zilikaa vichwani. Kila aliyehama, kila aliyefariki, aliondoka na kurasa ambazo hakuna aliyezinakili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tulidhani methali hiyo ni ya wenye maduka peke yao.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita ya Uganda ya 1978 hadi 1979 na shida ya uchumi, bidhaa za nje zilikuwa adimu. Ridi ni kitu kidogo kama ukucha, tena ni kitu cha kuchakaa; pasipo ridi saksafoni ni bomba. Biashara ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka hiyo vikaingia vinanda vya umeme, ambavyo mtu mmoja huweza kuiga sauti ya tarumbeta tatu na saksafoni mbili. Wenye bendi wakapiga hesabu: kwa nini tulipe watu watano? Mashirika ya umma yakadhoofika, na muziki mpya wa vijana ukaja na mashine zake. Wapulizaji wakapungua. Basi bendi zilipokonda, chuo nacho kikafungwa, maana kilikuwa ndani yake. Hatukupoteza ajira peke yake. Tulipoteza mahali pa kijana kuketi karibu na mkubwa wake.

Ndipo ikaonekana haja ya shule ya tatu, yaani darasa. Chuo cha Sanaa kilikuwa kimekwisha anzishwa Bagamoyo mwaka 1981, na chuo cha muziki cha nchi za jahazi kikafunguliwa Unguja mwaka 2002, katika jumba la kale la forodha. Baadhi ya wapigaji wa dansi wamejikuta wakifundisha, iwe chuoni, iwe kanisani, iwe uani kwao. Na mtu akivuka kutoka jukwaani kwenda darasani hukua kwa namna ambayo jukwaa halikumkuza. Jukwaani alisifiwa kwa kufanya jambo gumu lionekane jepesi. Darasani hutakiwa kulirudisha jambo jepesi liwe gumu tena, alivunje vipande, na kumpa mtoto kipande kimoja kimoja. Jukwaani alijificha makosa yake. Darasani hutakiwa kuyakumbuka, maana kosa alilolifanya miaka 30 iliyopita ndilo analolifanya mwanafunzi leo. Kwa kufundisha, mpigaji hugundua kwa mara ya kwanza anachokijua.

Wasikilizaji, nisemayo si kwamba karatasi ni bora kuliko sikio. Kambi ilitoa watu waliosoma bila kutunga. Klabu ilitoa watu waliotunga bila kuandika. Kila shule ilikuwa na nusu ya elimu, na saa ya kuziunganisha nusu hizo imechelewa, lakini haijapita. Wapo wazee bado ambao vidoleni mwao mna nyimbo za miaka ya 1970. Mwanafunzi ajuaye nota na aende kwa mzee wa namna hiyo, ampigie magoti ya adabu, amwambie, "Babu, piga, nami niandike." Mzee atajifunza kwamba alichonacho ni mali. Kijana atajifunza kwamba nota alizofundishwa si za nyimbo za ng'ambo tu.

Na ninyi mlio vijijini, msiseme kwamba habari hii ni ya watu wa mjini. Kila kijiji kina mpiga zeze, au marimba, au zumari, ambaye watu wamsifu kwa kusema amezaliwa nayo. Mwulizeni jina la mwalimu wake. Kisha mwulizeni jina la mwanafunzi wake. Akilijua la kwanza na kukosa la pili, mjue kwamba kazi imewangojea.

Kwa herini.